Majivu: Tosha

Je, nililisoma neno lile vibaya, au nililisoma kama nilivyotaka kulisoma? Nimejiuliza swali hili kwa miaka tisa, nikiwa ndani ya tramu, nikiwa kanisani, nikiwa nimepiga magoti mbele ya chetezo, na hadi leo ninapoandika sina jibu ambalo ningethubutu kuliapia. Neno lenyewe nalijua. Najua liliandikwa kwa kalamu gani, na najua kilichokuwa upande wa pili wa karatasi: mwezi wa Machi wa kalenda iliyopitwa, pamoja na picha ya ng'ombe. Nisichokijua ni mimi nilikuwa mtu gani katika dakika ile niliposimama nikalisoma.

Nawaandikia vijana ambao huenda wataishika kazi niliyoiacha, au kazi inayofanana nayo, yaani kutunza nyumba ya ibada ya watu wengine. Ni kazi yenye heshima na ina ufundi wake. Nitaueleza ufundi huo kadiri nilivyofundishwa, kisha nitaeleza nilivyousaliti.

Nilizaliwa Bukavu, nikasoma historia chuo kikuu hadi kupata shahada, nikafika Brussels nikiwa mkimbizi. Shahada yangu hakuna mtu aliyeiulizia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha korido za hospitali kubwa ya Jette, chini ya Msimamizi wa Zamu, mwanamama mkali aliyenifunza kwamba sakafu hupigwa deki ukirudi nyuma, ili usikanyage ulipokwisha kupita. Miaka miwili baadaye nilihamishiwa kwenye kusukuma vitanda vya wagonjwa, na huko Jette ndiko nilikomwoa Maman Bahati, mhudumu wa wodi, mwenzangu wa Kivu. Magoti yalipoanza kunisumbua nilitafuta kazi isiyo na lifti wala haraka. Nikaipata kwenye ngazi za parokia yetu, baada ya misa, mzee mmoja Mbelgiji aliposimama mbele yangu na kuniamkia kwa Kiswahili.

Huyo ndiye Katibu. Alikuwa mmisionari Tabora kwa miaka mingi, akarudi Ulaya, akajifunza Kichina uzeeni kwa sababu alitaka kuelewa dini ambayo hakuna aliyemtuma kuibadilisha. Alikuwa amemsaidia mtawa mmoja wa dini hiyo, ya Kidao, kuandikisha chama na kukodi ukumbi Laeken. Walihitaji mtunzaji.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya mvua. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza ya ghala la zamani la vifungo vya nguo, na hadi leo ukifagia pembeni unaweza kuokota kifungo. Katibu alinisubiri mlangoni.

"Karibu. Jina tena?"

"Miye Faustin. Niko mutu wa Bukavu."

"Mtu," alisema. "Si mutu. M-tu."

"Kwetu tunasema mutu, Padri."

"Kwenu mna bahati sikufika kuwafundisha. Na usiniite Padri, niite Mwalimu. Ingia. Viatu usivue, hapa si msikitini. Lakini kizingiti hicho…"

Nilikuwa nimekwisha kukikanyaga.

"…hakikanyagwi, kinavukwa," alimalizia. "Rudi nje, uingie upya."

Nilirudi nje na kuingia upya, mtu mwenye shahada, nikiinua mguu kama kuku kwenye tope. Katibu alicheka hadi akashika ukuta. Nilicheka pia, lakini kitu kidogo kilibaki kikinichoma: si kizingiti, bali ile "m-tu".

Mkuu wa Ukumbi, yule mtawa, ambaye sote tulimwita Maître, alikuwa mwanamke mfupi mwenye vazi la buluu iliyokolea, nywele amezifunga utosini kwa kijiti cha mti. Alisema Kifaransa polepole na kwa usahihi. Asubuhi ile alinipeleka mbele ya Waasisi Watano. Ni sanamu za mbao zilizoketi safu moja, kila moja na urefu wa mtoto wa miaka sita. Majina yao sitayaandika. Pale ukumbini tuliwataja kwa viti vyao na alama zao, na mimi nimezoea hivyo. Yupo wa kwanza, aliyetangulia wote, mwenye uso usio na umri. Yupo mwenye upepeo na kifua wazi. Yupo mwenye upanga mgongoni, ambao Maître alisema haumkati mtu isipokuwa tamaa yake mwenyewe. Wa nne alikuwa waziri wa mfalme. Mgeni mmoja alimpangia mayai juu ya sarafu, moja juu ya jingine, mpaka waziri akapiga kelele kwamba yataanguka, ndipo akaelewa cheo chake kimesimamaje, akakiacha. Wa tano alijichimbia kaburi akiwa hai, akaishi ndani yake kwa miaka, kisha akatoka na kufundisha.

"Hawa si miungu?" niliuliza.

"Ni walimu," alijibu Maître. "Kila mmoja alimpa mwingine. Sisi tumepokea. Kazi yako ni kuangalia mkono huo wa kupokezana usikatike."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi nilibadilisha maji na chai, nikapanga matunda kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Plamu hazikuruhusiwa mezani, kwa kuwa neno la plamu kwa Kichina ni jina la ukoo la mwalimu mkubwa wa dini yao, na hakuna anayemwandalia mwalimu jina lake alile. Udi huwashwa vijiti vitatu. Moto wake hauzimwi kwa kupuliza, bali kwa kupunga mkono, maana pumzi ya mtu ina uchafu wa maneno yake. Vijiti husimikwa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio unaofanya mengi, mabaya yakiwemo. Husimikwa wima katika chetezo, chungu kikubwa cha shaba chenye miguu mitatu, kilichojaa majivu.

Na majivu ndiyo moyo wa yote. Kila chetezo hujaa, na majivu yakijaa hushikamana, vijiti vikaanguka. Hivyo mtunzaji huyachekecha: huyachota kwa kijiko kirefu, huyapitisha kwenye chekeche la nyuzi laini, hutoa vishina vya udi, kisha huyarudisha yaleyale. Hayatupwi. Ukumbi unapozaliwa, huletewa majivu kutoka ukumbi mama, na ukumbi mama nao uliyaletewa, kurudi nyuma hadi mahali nisipopajua. Maître aliyaleta yetu kutoka milimani kwao ndani ya mtungi, ameupakata kwenye ndege. Alitusimulia jinsi mbwa wa uwanja wa ndege alivyonusa mtungi, akapiga chafya, akaketi chini. Kuchekecha chetezo kizima kulichukua saa tatu, magotini. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu ya kazi yangu, na mwanzoni ndiyo niliyoipenda.

Mwaka wangu wa tatu binti yetu Neema alipasuliwa tumbo katika hospitali ya chuo kikuu kule Woluwe. Maître alisikia. Alichota majivu kidogo, yasiyojaa kijiko cha chai, akayakunja ndani ya karatasi nyekundu, akaniwekea kiganjani. Ndiyo desturi yao kwa mtu mwenye mgonjwa. Neema alipona kwa mikono ya madaktari, nami niliificha ile karatasi nyuma ya sanamu ya Bikira Maria sebuleni, ambako mke wangu aliikuta akipangusa vumbi.

"Faustin, hii kitu umeficha nyuma ya Maria ni nini?"

"Zawadi ya kazi. Majivu ya chetezo."

"Zawadi ya majivu? Bon. Siku padri atakuja kubariki nyumba, utamuelezea weye. Miye sitakuwako."

"Ni heshima tu, Bahati."

"Kama ni heshima, juu ya nini unaificha?"

Watu wa kikundi chetu cha sala walikuwa wakiniuliza kwa utani kama bado navalisha masanamu, na nilikuwa nikicheka nao. Niliihamishia karatasi ndani ya kopo la biskuti lenye sindano na nyuzi, nikaisahau, au nikajifanya nimeisahau.

Sasa nifike kwenye neno.

Katibu aliniachia maagizo kwa maandishi, nyuma ya kurasa za kalenda, kwa Kiswahili chake cha Tabora kilichonyooka kama mstari wa rula. Miaka yote alikuwa akiendelea kunisahihisha. Nikisema "batoto", yeye husema "watoto". Nikisema "iko mingi", yeye hufumba macho kama aliyeumwa jino. Alifanya kwa upendo, nami nilijibu kwa utani, lakini nilikuwa nimeanza kuandika Kiswahili sanifu nyumbani peke yangu, kama hiki mnachokisoma, ili siku moja asipate la kusahihisha.

Mkesha wa sikukuu ya mwasisi mwenye upanga ulikuwa Jumamosi, na siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, mpwa wangu alikuwa anapewa kipaimara Jette, nami nikiwa msimamizi wake. Nilifika ukumbini saa mbili. Karatasi ilikuwa mezani:

*Sakafu: pangusa kwa maji ya moto.*
*Plamu walizoleta wageni: ondoa mezani.*
*Taa: badilisha tambi.*
*Majivu ya chetezo kikubwa: tosha.*

Kwa mtu wa Tabora, tosha ni basi, imetimia, usiongeze. Juma lile tulikuwa tumenunua mfuko mkubwa wa majivu mapya meupe, ya kujazia chetezo kidogo cha mlangoni, na Katibu alikuwa ananiambia kwamba kile kikubwa hakihitaji. Kwa mtu wa Bukavu, kutosha kitu ni kukitoa. Tunatosha viatu, tunatosha takataka, tunatosha mutu mu nyumba. Nilisoma: *toa*.

Na nilifurahi. Hilo nalikumbuka waziwazi. Nilidhani kwamba, baada ya miaka minane, mzee ameniandikia neno la kwetu, kama mtu anayesogeza kiti ili ukae karibu naye. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mistari miwili juu yake palikuwa na neno "ondoa", kwa ajili ya plamu, na mtu aliyesomea kuchambua nyaraka hakuhitaji zaidi ya hapo. Tena nilijua kwamba majivu hayatupwi. Tena saa ilikuwa inakwenda, na kuchekecha ni saa tatu, na kutupa ni dakika ishirini. Ningeweza kumpigia simu. Lakini kumpigia kungekuwa kumwambia: Mwalimu, Kiswahili chako sikukielewa.

Niliyatoa yote kwa koleo, mifuko myeupe miwili ya takataka, nikaishusha hadi ukingoni mwa barabara. Nilisugua shaba mpaka nikajiona usoni mwake. Nikamimina majivu mapya, nikafika kanisani kabla ya wimbo wa kwanza. Katika picha za siku ile nipo mstari wa mbele, nacheka. Niliporudi alasiri kumalizia sakafu, lori la takataka lilikuwa limepita.

Kesho yake, mbele ya waumini, Maître alisimika udi wake, akasita. Aliingiza kidole katika majivu, akakitazama. Alisubiri ibada iishe na watu waondoke.

"Faustin. Majivu yamepauka. Nani ameyagusa?"

"Miye, Maître. Nimetoa ya juu tu, nikaongeza mapya."

Ya juu tu. Maneno hayo yalitoka yenyewe, kama mate.

Katibu alikunja uso. "Kwa nini uyatoe?"

"Nilifuata karatasi."

"Niliandika uyatoe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa."

Ilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu, upande wa moyo.

Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni mwake kabla ya siku ile: hakunishuku mimi, alijishuku mwenyewe. "Ajabu," alisema kwa Kiswahili. "Ningeapa…" Hakumaliza. Alimgeukia Maître, akasema jambo kwa Kichina na kuinama, mzee wa karibu miaka themanini, akiomba msamaha wa kosa langu.

Tangu wiki ile alianza kutembea na daftari. Aliandika kila kitu: nani kampigia, chai ya nani haina sukari, tramu aliyopanda. Ukimwuliza swali dogo, alilifungua daftari kwanza, kisha ndipo akujibu. Daktari wake, kama alivyonieleza mwenyewe, hakuona ugonjwa wowote. Yeye aliona kwamba daktari hakujua alichokijua yeye. Kabla mwaka haujaisha alijiuzulu. "Mimi na waziri wa mayai," aliniambia, akinyoshea kidole sanamu ya nne, akijaribu kutabasamu. "Katibu asiyekumbuka alichoandika aondoke mapema." Nilimbebea masanduku yake ya vitabu hadi kwenye nyumba ya wazee kule Woluwe-Saint-Lambert. Hata njiani sikusema.

Mimi nilipandishwa. Maître alinipa cheo cha Mtunza Chetezo, ambacho kabla yangu kilishikwa na watawa tu, akanivika aproni ya buluu. Sijapata kuchekecha kwa uangalifu kama nilivyochekecha miaka ile iliyofuata, nikiyahifadhi chembe kwa chembe majivu ya dukani. Waumini walinisifu. Nilikuwa nikimtazama mwasisi wa tano, yule wa kaburi. Yeye alilichimba ili autafute ukweli humo ndani. Langu nililichimba ili niufukie, na kila asubuhi nilipiga magoti juu yake.

Mwaka huu magoti yamekataa. Nina miaka hamsini na minne, na daktari ameniamuru kuacha. Maître alipanga siku yangu ya mwisho iwe Jumapili moja maalumu: ukumbi mpya ulikuwa unazaliwa Liège, na watu wake walikuwa wanakuja kuchukua majivu kutoka kwetu. "Utayachota wewe, Faustin," alisema. "Iwe kazi yako ya mwisho. Na Katibu atakuja kushuhudia, nimeomba wamlete."

Jumamosi jioni nilikuwa mezani, sombe, kisamvu cha kwetu, mbele yangu, kijiko hakiendi. Neema, sasa mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa kazini. Nilimwambia mke wangu yote, kuanzia kwenye ng'ombe wa kalenda hadi Liège. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Donc ule muzee, neuf ans, miaka tisa yote, anazani kichwa yake imekufa."

"Ndiyo."

"Na weye ulikuwa unamupelekea machungwa kila mwezi."

"Ndiyo."

"Faustin. Machungwa!" Alisukuma sahani yake. "Na kesho batu ba Liège banakuja kubeba uwongo yako mpaka kwabo, na batoto yabo bataipigia magoti."

"Nitasema kesho."

"Utasema kwanza, mbele ya kuchota. Kama unachota, hautasema tena. Nakujua."

Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Alitoa ile karatasi nyekundu chini ya nyuzi, akaiweka kando ya sahani yangu. Haikuwahi kufunguliwa. Nilikuwa sijafikiri hata mara moja, katika miaka yote ile, kwamba majivu pekee ya kweli yaliyobaki Brussels yalikuwa nyumbani kwangu, nilikoyaficha kwa aibu nyingine.

Asubuhi nilipanda tramu ya mapema. Nilivuka kizingiti. Maître alikuwa anapanga matunda, na Katibu alikuwa ameketi karibu na dirisha, koti limefungwa hadi shingoni, daftari kwenye goti. Nilisimama kati yao. Nilitoa mfukoni vitu viwili: karatasi nyekundu nikampa Maître kwa mikono yote miwili, ukurasa wa kalenda nikampa Katibu.

Alivaa miwani. Alisoma sakafu, akasoma plamu, akasoma taa.

"Majivu ya chetezo kikubwa: tosha," alisoma. "Ndiyo. Yalitosha. Hatukuhitaji kuongeza."

"Kwetu kutosha ni kutoa, Mwalimu. Niliyatosha yote. Si ya juu, yote. Na karatasi hii ilikuwa mfukoni mwangu uliponiuliza."

Nilimgeukia Maître, nikarudia kwa Kifaransa, neno kwa neno, pamoja na lori la takataka. Hakufumba macho. Aliishika karatasi nyekundu bila kuifungua, kama mtu anavyomshika ndege.

Katibu hakunitazama. Alikuwa bado anasoma ule mstari mmoja, kidole chini yake, midomo ikicheza.

"Basi sikusahau," alisema. Kisha kwa sauti ya chini zaidi, kwa Kifaransa, akimwambia mtu ambaye hakuwamo chumbani: sikusahau. Alilifunga daftari.

Nilisubiri anikemee. Hakufanya hivyo, wala hakunisamehe, na sikuwa na haki ya kuomba lolote kati ya hayo mawili. Chini mlango mkubwa ulifunguliwa, tukasikia sauti za watu wengi na mlio wa mtungi mtupu ukigusa ukuta wa ngazi.

"Wamefika," alisema Maître. "Wao pia wanapaswa kusikia. Kutoka kwako."

Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka mbele ya chetezo. Kisha nikavuka kizingiti bila kukikanyaga, nikashuka ngazi kwenda kuwaambia.